Mlango wa Dakota

Picha ilikuwa ya sentimita 6 kwa 9, kona moja imekunjika. Askari watatu wa Keya, yaani King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, wamesimama mbele ya ndege ya mizigo, na mgongoni mwa picha pameandikwa kwa wino: Bama (Burma, sasa Myanmar), 1942. Mzee mmoja wa Tabora, mtoto wa yule askari wa katikati, aliniletea akiwa na swali moja tu: "Mwanangu, ndege hii bado ipo?"

Aina yake haikunisumbua. Injini mbili, gurudumu dogo mkiani, mlango mpana wa mizigo nyuma ya bawa: Dakota. Kazi ilikuwa kujua Dakota ipi, maana zilitengenezwa zaidi ya 10,000.

Niliipitisha kwenye skana kwa nukta 1,200 kwa inchi. Kabla ya kuchosha macho nilipiga hesabu. Ndege yenye urefu wa karibu mita 19 na nusu ilichukua sentimita 7 za picha, kwa hiyo namba ya ubavuni, yenye kimo cha sentimita 20, ilikuwa kama robo tatu ya milimita. Hizo ni nukta 34 hivi. Inasomeka, kwa shida.

Nikaona kitu kama P, kikifuatiwa na L. Namba za Jeshi la Anga la Uingereza zilikuwa herufi mbili kwanza, kisha tarakimu tatu, ilhali hapa P na L zilikuja mwishoni. Saa nzima ikapita. Ndipo nikatazama vifungo vya mashati: vyote vimefungwa kike. Pua ya ndege ilielekea kulia na mlango wa mizigo unaonekana, ilhali Dakota ina mlango huo ubavu wa kushoto peke yake. Aliyesafisha picha aliiweka negativu, ile filamu inayotoa picha, kinyume! Nilipoigeuza, L ikawa J na P ikawa 9. Herufi ya kwanza ilizibwa na kofia, lakini kwa Dakota hiyo J ni ya fungu la KJ801 hadi KJ999.

Mwaka nao ulikosewa. Nembo ya duara ya Uingereza ubavuni ilikuwa na kitovu cheupe-cheupe: ni ile ya bluu iliyokoza na bluu hafifu, iliyoondolewa wekundu ili isidhaniwe jua la Wajapani. Tena Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, yenye askari wa Keya, iliingia Bama 1944.

Tarakimu ya mwisho ilibaki 3 au 8. Sikuinoa picha kwa programu, kwa sababu programu huziba pengo la 3 likawa 8. Nikaandika namba zote mbili kwa penseli kwenye bahasha, si mgongoni mwa picha, na kando yake namba za kiwandani, zile ndege hupewa inapotengenezwa. Hizo ndizo za kufuatilia, kwani namba ya jeshi huisha ndege ikiuzwa. Na Dakota za kiwanda cha Oklahoma City zilipewa namba mbili za kiwandani, ukitafuta moja tu unaikosa.

Mzee akauliza ni ipi hasa. Nikamwambia negativu ina mengi kuliko karatasi. Akaenda kufungua sanduku la marehemu.