Miaka mitatu ndani ya mfereji wa jino

Rejista ya kliniki ya meno katika hospitali ya wilaya nilikofanya kazi kwa miaka minne ilikuwa na safu ya matibabu. Juu kabisa ya ukurasa niliandika "kung'oa", kisha chini yake alama za kurudia, mstari baada ya mstari, mpaka ukurasa unaisha. Meno mengi kati ya hayo hayakustahili kung'olewa. Mizizi ilikuwa imara na fizi nzima. Kilichoharibika ni kiini, ile nyama laini yenye mishipa iliyo katikati ya jino. Nilijua kwamba mzizi unaweza kusafishwa na kuzibwa. Lakini katika shahada ya kwanza nilikuwa nimefanya zaidi meno ya mbele, yenye mfereji mmoja ulionyooka, yaani njia nyembamba ya kiini ndani ya mzizi. Gego lilinishinda. Mwenye gego bovu nilimchoma ganzi, nikang'oa.

Kuna binti wa kidato cha tano aliyeletwa na mama yake, gego la kwanza la chini limetoboka. Jino hilo huota mtoto akiwa na miaka sita hivi, na ndilo linalobeba kazi kubwa ya kutafuna. Mama akaniuliza, "Dokta, hakuna namna nyingine?" Nikamwambia ipo, ila kwa huku ni mpaka waende Dar es Salaam, na watarudi kule si chini ya mara mbili. Alikaa kimya akipiga hesabu ya nauli. "Basi litoe tu, dokta." Nililitoa, na mwezi huohuo nikaanza kuulizia uzamili.

Habari za kuomba nafasi na ruhusa ya mwajiri sitazieleza sana. Barua huchukua muda kuliko unavyodhani, kwa hiyo anza mapema. Nilichosomea ni urejeshaji wa meno, miaka mitatu, na humo tiba ya mizizi ndiyo iliyokula muda wangu mwingi.

Nilifika nikiamini kwamba ustadi wote uko kwenye vidole na faili, vile vijichuma vyembamba vya kukwangulia mfereji. Faili za mkono nilizijua kwa rangi, kila namba ya unene na yake: 15 nyeupe, 20 njano, 25 nyekundu, 30 bluu, 35 kijani, 40 nyeusi. Miezi ya mwanzo hatukugusa mgonjwa. Tulifanyia mazoezi kwenye meno yaliyong'olewa: unafungua, unatafuta mifereji, unapima urefu, unasafisha, unaziba kwa gutaperka, utomvu wa mti ulio kama mpira, unapiga picha ya eksirei. Picha zangu zilikuwa nzuri, mstari mweupe kutoka juu mpaka karibu na ncha ya mzizi. Nilizifurahia.

Ndipo mwalimu wangu, profesa mmoja mama mtaratibu sana, akaniagiza nikate jino kwa urefu, nilitazame ndani. Nikalipasua lile nililolionea fahari zaidi. Upande mmoja wa mfereji ulikuwa laini. Upande wa pili, penye kona ambayo eksirei haiwezi kuionyesha, mabaki ya kiini yalikuwa palepale, na gutaperka imepita kando yake. Nilipasua la pili na la tatu, hali ni ileile. Mfereji si bomba la duara. Mara nyingi umebanwa kama utepe, una vijitawi, na mifereji miwili hushikana kwa ufa mwembamba ambao faili haiingii. Waliochunguza meno kwa mashine ndogo za CT kabla na baada ya kuyasafisha wamekuta theluthi moja ya ukuta, au zaidi, haikuguswa na chuma chochote.

Nilipomweleza, alinipa makala ya mwaka 1965 ya Kakehashi, Stanley na Fitzgerald, akaniambia nirudi kesho yake. Wale watafiti walitoboa meno ya panya mpaka kwenye kiini na kuyaacha wazi, chakula kikaingia. Panya wa kawaida viini vyao viliharibika na kufa, mizizi ikafanya usaha. Panya waliolelewa bila vijidudu vyovyote viini vyao vilipona, na jino likajijengea daraja jipya juu ya tundu. Kesho yake akaniuliza, "Haya mwanangu, unapigana na nini mle ndani?" Swali hilo ndilo lililogeuza mafunzo yangu. Napigana na vijidudu. Kazi ya faili ni kupasua njia ili dawa ya kuoshea ifike. Kinachosafisha ni maji ya dawa.

Basi nikajifunza kuosha upya kabisa. Dawa kuu ni haipokloraiti ya sodiamu, ileile iliyomo kwenye jiki ya kufulia, ila hapa unajua nguvu yake na tarehe yake. Inaua vijidudu na kuyeyusha nyama iliyokufa, kazi ambayo dawa nyingine hazifanyi. Lakini inachoka haraka, kwa hiyo unaibadilisha mara kwa mara, kila faili inapotoka. Mwishoni unaingiza EDTA ya asilimia 17 kuondoa ule utandu wa unga wa jino uliogandishwa ukutani na faili. Sindano iwe nyembamba, yenye tundu ubavuni, na isibane ndani ya mfereji hata kidogo. Ukiibana na kusukuma, dawa inatoka nje ya ncha ya mzizi na kuunguza nyama. Uso unavimba mgonjwa akiwa bado kwenye kiti. Mimi hupima sindano kwa kizuizi cha mpira, iishie milimita mbili kabla ya ncha, na husukuma kwa kidole cha shahada. Gumba lina nguvu mno.

Na yote hayo ni bure mate yakiingia. Mpira wa kutengea jino, ile karatasi ya mpira inayotobolewa na kubanwa kwenye jino, ulianza kutumiwa na Sanford Barnum huko New York mwaka 1864, na mpaka leo wapo wanaouacha kwa hoja kwamba wagonjwa hawaupendi. Wagonjwa wangu waliuogopa kwa dakika mbili za mwanzo tu, nilipowaonyesha kwamba pua iko wazi na kukubaliana ishara ya mkono. Baadhi walisinzia. Kwa maoni yangu, anayetibu mzizi bila mpira huo anafungua mlango wa vijidudu anavyodai kuvifukuza.

Kilichonitesa zaidi ni gego la kwanza la juu. Lina mizizi mitatu, na vitabu vya mwanzo vilitufanya tutarajie mifereji mitatu. Ule mzizi wa mbele upande wa shavu mara nyingi una mfereji wa pili. Katika meno yaliyochunguzwa maabara hupatikana kwa zaidi ya nusu. Mdomo wake umefunikwa na kijukwaa cha jino, kwa hiyo ukichungulia juujuu huuoni. Nilikaa wiki nzima kwenye darubini nikiutafuta bila mafanikio, nikaanza kushuka moyo. Kilichonisaidia ni kuacha kuchimba na kuanza kutazama. Nilijaza haipokloraiti kwenye sakafu ya jino na kusubiri. Vipovu vidogo vikaanza kupanda kutoka sehemu moja, kwenye mstari unaotoka mfereji mkuu wa mzizi huo kuelekea wa upande wa kaakaa. Penye vipovu pana nyama inayoyeyuka. Nikakwangua taratibu kwa ncha ya mtetemo, faili namba 8 ikazama. Niliita wenzangu wote waje waone.

Mwaka wa pili faili ya nikeli na titani ilinikatikia ndani ya gego la chini la dereva mmoja wa daladala. Kipande cha milimita tatu. Niliharakisha, ile faili ilikuwa imeshatumika na sikuikagua vizuri kabla ya kuiingiza. Mwalimu wangu aliangalia picha, akaniambia, "Mweleze kabla hujakiinua kiti." Nilimweleza yule baba kila kitu, nikamwonyesha picha. Alinyamaza, kisha akauliza kama itamuua. Nikamwambia hapana, chuma chenyewe hakina madhara, tatizo ni kama kinatuzuia kusafisha nyuma yake. Alikubali kurudi. Ziara ya tatu nilipita ubavuni mwa kile kipande kwa faili namba 8 niliyoipinda ncha, nikaosha, nikaziba, kipande kikabaki humohumo. Baada ya miezi kumi na miwili kile kivuli cheusi kwenye ncha ya mzizi kilikuwa kimejaa mfupa. Tangu siku ile kila faili naizungusha kwenye mwanga kabla haijaingia mdomoni mwa mtu.

Nyumbani haikuwa rahisi. Mwenzi wangu alibaki mkoani na watoto wawili, na tasnifu iliniharibia likizo mbili mfululizo kwa kusubiri kibali cha maadili ya utafiti. Omba kibali mwaka wa kwanza, hata kama swali lako la utafiti bado linahitaji kunolewa.

Na kama unafikiria kuomba, anza sasa na chupa. Omba ridhaa ya wagonjwa unaowang'oa meno, uyahifadhi yakiwa na unyevu, maana jino likikauka hupasuka. Yasiyo na amalgamu, yaani ule mzibo wa madini wenye zebaki, yanaweza kupita kwenye otokilevu, mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke wa moto. Yenye amalgamu yaloweke kwenye formalini ya asilimia 10 kwa wiki mbili, kwa sababu joto hutoa mvuke wa zebaki. Yapange kwa aina. Mimi nilikwenda na chupa tatu, na ya magego ya kwanza ya juu iliisha kabla ya muhula haujafika nusu.