Siku moja maishani mwangu: fundi wa magari anayewafuata wateja nyumbani, Lubumbashi

Saa kumi na mbili asubuhi. Julai ni mwezi wa baridi hapa Lubumbashi, na mtu ambaye kazi yake ni kulala chali chini ya magari huihisi baridi hiyo mgongoni kabla ya kuihisi usoni. Mimi ni fundi nisiye na gereji. Sanduku la spana, jeki, vigogo viwili vya mti mgumu na turubai kuukuu ndivyo karakana yangu, na gari nalifuata pale lilipolala, uani kwa mwenyewe. Wapo wanaodhani kwamba fundi wa majumbani ni mkaza nati tu, aliyekosa nafasi mahali pa maana. Nitaieleza siku ya jana kama ilivyokwenda, ili msomaji aone saa zetu huishia wapi.

Saa moja na nusu nilikuwa Kamalondo nikibadilisha pedi za breki za gari la mama mmoja muuza samaki. Kazi ikaisha bila neno, akanilipa, nikapanda teksibasi kuelekea Bel-Air.

Saa tatu kasoro robo. Mteja wangu wa Bel-Air ni mwalimu mstaafu mwenye Toyota Corolla ya mwaka 2004, yenye injini ya lita 1.8 ambayo sisi mafundi tunaijua kwa jina la 1ZZ-FE. Alinipokea langoni akiwa ameshika gasketi mpya ya kifuniko cha valvu, bado imo ndani ya mfuko wake.

“Fundi, moteri inakojoa,” akasema. “Lakini wewe usisumbuke kutafuta, ugonjwa tunaujua. Badilisha hii, kaza, nusu saa umemaliza.”

“Papa, nani aliyesema ni gasketi?”

Ni mpwa wake, anayetengeneza malori ya mgodi kule Kolwezi, aliyeutambua ugonjwa huo kwa simu. Gasketi yenyewe Papa aliinunua kwa wauza vipuri wa Kenya, komuni ya hapa hapa Lubumbashi, na kwa kuwa fedha ilikwisha kutoka mfukoni, ilikuwa lazima gasketi hiyo iwe ndiyo yenye kosa.

Nilitazama sakafu ya saruji. Doa lilikuwa dogo, lenye ukubwa wa kiganja, chini ya upande wa kulia wa injini. Nililigusa kwa kidole: lilikuwa jeusi, lenye utelezi na harufu ya kuungua kidogo, kwa hiyo ilikuwa oili ya injini, si maji ya rejeta wala mafuta mekundu ya usukani. Kijiti cha kupimia kilionyesha kwamba kiwango kimeshuka karibu na alama ya chini. Kisha nikapitisha kitambaa kuzunguka ukingo wote wa kifuniko cha valvu, nacho kikatoka kikiwa na vumbi kavu. Gasketi inayovuja haiachi vumbi kavu. Nilimwonyesha Papa kitambaa hicho. Akakitazama, akampigia mpwa wake simu.

Kuanzia hapo hadi karibu adhuhuri, kazi yangu ilikuwa kuosha, na sehemu hii ndiyo ambayo hakuna mteja anayeihesabu kuwa kazi. Oili inayovuja hushuka, na gari likienda, upepo huisukuma nyuma, hivyo mahali inapodondoka mara nyingi si mahali inapotokea. Fundi hutafuta unyevu ulio juu kuliko wote, na hawezi kuuona ikiwa injini nzima imevaa koti la oili na vumbi jekundu la kiangazi lililoshikana kwa miezi. Nilisubiri injini ipoe, nikafunika alteneta kwa mfuko wa plastiki, nikasugua kwa brashi, mafuta ya taa na sabuni ya unga, nikasuuza, nikakausha kwa vitambaa, nikarudia kwenye kona ambazo brashi haifiki isipokuwa kwa kukunja kiwiko mpaka kiume. Muda wote huo Papa alisimama nyuma yangu na simu iliyofunguliwa sauti, na mpwa wa Kolwezi akawa anatoa maagizo.

“Mwambie akaze nati za juu.”

“Anasema ukaze nati za juu.”

“Nimemsikia, Papa. Nati hizo zina kipimo chake. Zikizidishwa, kifuniko kinapinda, na hapo ndipo kitaanza kuvuja kweli.”

“Anasema basi upake silikoni kuzunguka kote.”

Nilieleza, nikiwa nimeinama, kwamba silikoni inayopakwa ovyo hukatika vipande ndani ya injini, na vipande hivyo hushuka hadi kwenye chujio la pampu ya oili na kuliziba, na injini isiyopata oili haikai muda mrefu. Simu ikanyamaza kidogo. Kisha mpwa akasema kwamba huenda ni sili ya krenki, ule mhimili mkuu wa injini, na kwamba ingekuwa vema injini ishushwe. Papa akanitazama kama mtu anayehesabu dola.

Sina ugomvi na kijana yule. Kwenye malori yake pengine ananizidi. Lakini kuuguza gari kwa simu ni jambo ambalo nimechoka nalo kuliko hata baridi.

Injini ilipokauka, nilipaka poda ya mtoto upande wote wa kulia, kuanzia kwenye kifuniko cha mnyororo unaoendesha valvu hadi chini kwenye sampu, bakuli la oili, mpaka Mama mwenye nyumba akatoka jikoni kuuliza harufu ile inatoka wapi. Tuliwasha gari, tukalizungusha hadi barabara ya Kasenga na kurudi. Tulipofungua boneti, kila mahali palikuwa peupe isipokuwa mstari mmoja mwembamba, mweusi, ulioanzia kwenye kikaza mnyororo na kushuka moja kwa moja. Juu ya hapo, poda ilikuwa safi.

Kikaza mnyororo cha injini hii kimefungwa kwa nje kwa nati mbili za milimita 10, na kinachozuia oili pale ni pete moja ya mpira. Joto huifanya pete hiyo iwe bapa na ngumu, kisha oili huanza kupenya taratibu. Nilimweleza Papa. Akauliza kama tunaweza kukata pete kutoka kwenye mpira wa ndani wa tairi. Hapana, kwa sababu mpira ule huvimba ukikaa ndani ya oili. Kijana wa jirani akatumwa Kenya, kwa teksibasi, nami nikala bukari, yaani ugali, na dagaa wa kapenta nilivyopewa na Mama, ambaye katika nyumba ile ndiye aliyefahamu kwamba mtu anayefanya kazi hushikwa na njaa.

Baada ya hapo sikuitazama saa tena. Kijana alirudi na pete kubwa mno, akatumwa tena. Nililiinua gari, nikaliegemeza kwenye vigogo, kwani chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake siingii hata kwa dakika moja, nikatoa gurudumu la mbele la kulia ili niifikie puli ya krenki. Kikaza kilipotoka, pete ya zamani ilivunjika vidoleni kama ganda la karanga. Krenki haizungushwi hata kidogo wakati kikaza kiko nje, maana mnyororo unaweza kuruka meno. Kisha kuna jambo la siri kidogo: pini ya kikaza inayosukuma mnyororo lazima irudishwe ndani na kufungwa kwa ndoano yake, kikaza kifungwe mahali pake kwa niutoni-mita 9 tu, nguvu ndogo ya kifundo cha mkono, halafu krenki irudishwe nyuma kidogo ili ndoano iachie na pini iukaze mnyororo. Sauti yake ni ndogo sana. Nilimnyamazisha Papa, na simu yake, ili niisikie.

Jua lilikuwa limekwisha kuzama nilipoongeza oili hadi alama ya juu na kuiacha injini iungurume kwa muda huku nikimulika kwa tochi. Pakavu. Nilitandika katoni safi sakafuni, nikamwambia Papa aitazame asubuhi kabla ya kuliondoa gari, na apime kijiti kila wiki kwa mwezi mmoja.

Ndipo akaichukua ile pete iliyovunjika, akaiweka kiganjani.

“Fundi, dola 30 kwa kitu hiki?”

“Pete umekwisha kuilipa wewe mwenyewe, Papa. Mimi nilipe kwa kuijua ilipo.”

Alinipa 20, noti yenye mpasuko pembeni, ambayo hakuna mbadilisha fedha wa mjini angeipokea bila kuikata thamani. Nilimrudishia. Tulisimama pale gizani tukibishana kwa heshima, mimi na mwalimu, mpaka Mama akatoka na noti nzima za 30, akanikabidhi bila kumwangalia mumewe, akauliza kama gasketi ile mpya inaweza kurudishwa dukani. Nilimwambia inawezekana, maana mfuko wake haujafunguliwa.