Risiva ya wati elfu moja
Wiki tatu nimezunguka maduka ya Mwanga, hapa Kigoma, nikitafuta risiva (mashine ya kupokea na kukuza sauti) ya kuendesha spika tano na sabufa moja, yaani ile 5.1. Redio yangu ya zamani ilikuwa inakoroma tu kila filamu ikifika kwenye mlipuko.

Duka la kwanza kijana ananiambia, "Kaka, hii wati elfu moja, bati linang'oka!" Nikaigeuza nyuma: wati 100 kwa kila spika, tena kwenye omu 6 (omu ni kipimo cha ukinzani wa spika; zikiwa chache, risiva inabeba mzigo zaidi). Hiyo elfu moja sijui kaiokota wapi. Halafu pembeni, maandishi madogo kama chawa: AC 120V. Ya Marekani hiyo! Ukiichomeka kwenye 230 zetu bila transfoma, kinachofuata ni harufu. Na transfoma la maana lenyewe zito kama dumu la mawese.

Nikachukua ndogo, wati 70 kwa spika, 230V, yenye HDMI ya ARC. Waya mmoja tu unarudisha sauti ya TV kwenye risiva, hata mpira wa kwenye king'amuzi unapita humo humo. Spika zangu ni omu 8, kwa hiyo haichemki ovyo. Sebule yenyewe futi 12, wati elfu za nini?

Jana mama mkwe katoka Ujiji kaja kutusalimia, kakaa zake kwenye kochi. Kwenye filamu mvua ikaanza kunyesha, spika za nyuma zikaipokea vizuri kabisa. Akainuka mbio kwenda kuanua dagaa.