Makoti Manne na Mtoto Aliyerudi

Jumapili, saa nne usiku

Makoti manne. Mwishoni mwa The Lion, the Witch and the Wardrobe, kitabu cha C. S. Lewis cha mwaka 1950, watoto wanne waliotawala nchi ya ajabu mpaka wakawa watu wazima wanadondoka nje ya kabati la nguo. Kumbe ni watoto tena, siku ile ile, saa ile ile. Kinachowahangaisha ni namna ya kumweleza profesa mwenye nyumba kwa nini makoti manne hayamo kabatini. Baada ya hapo hadithi haina muda mrefu wa kuishi.

Ngano zetu nazo huishia papo hapo: mtoto karudi, watu wakafurahi, wakaishi raha mustarehe. Fantasia ya giza, yaani hadithi ya maajabu yenye kutisha, inayowahusu watoto waliorudi kutoka nchi za ajabu huanzia hapo ambapo msimuliaji wa ngano anainuka na kukunja mkeka wake. Malkia aliyekuwa akiamua kesi za watu wazima anaambiwa akalale, kesho shule. Giza la aina hii ya hadithi liko nyumbani, mezani, kwenye sare iliyopigwa pasi. Anayelitafuta kwenye majoka ya kule alikotoka mtoto ataandika hadithi nyingine kabisa.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ya mwandishi wa hadithi kama hii ni hesabu. Chora safu mbili, moja ya muda wa kule na nyingine ya muda wa nyumbani, kisha uongeze ya tatu ya mwili. Mtoto ameondoka ana miaka 9, amekaa kule miaka 6, nyumbani zimepita siku 3. Akirudi na mwili wa miaka 9, una kijana wa miaka 15 aliyefungiwa ndani ya mtoto: anakumbuka urefu wake wa jana na leo hafikii komeo. Akirudi na mwili wa miaka 15, mama anafungua mlango na kumkuta mgeni mwenye kovu la mwanawe. Na hesabu ikigeuzwa, siku 3 kule na miaka 30 huku, unaandika maombolezo. Hii ya tatu ndiyo kongwe kuliko zote. Urashima Taro, mvuvi wa Kijapani, alirudi kutoka jumba la chini ya bahari akakuta wote aliowajua wamekwisha zamani, na alipofungua kisanduku alichokatazwa kukifungua, uzee wote ukamwangukia kwa mara moja. Oisín, shujaa wa ngano za Ireland aliyerudi kutoka nchi isiyo na uzee, uzee ulimfika pale alipogusa ardhi baada ya kuanguka kutoka kwenye farasi.

Chagua hesabu moja uishike hadi mwisho. Rasimu nyingi hulegea hapa. Mwandishi anasema miaka sita imepita, halafu mtoto anaongea vile vile, anakumbuka jedwali la kuzidisha, anajua daftari liko wapi. Miaka sita bila kushika kalamu! Mwandiko wake lazima uwe umeharibika. Jina la mwalimu limemtoka. Labda hata sauti ya dada yake haitambui gizani.

Baada ya hesabu huja mwili, na hapo kitu kimoja kikichaguliwa vizuri kinashinda kumi. Mwaka 2016 Seanan McGuire alitoa riwaya fupi, Every Heart a Doorway, kuhusu shule ya bweni ya watoto wa namna hii. Nancy, msichana aliyerudi kutoka kumbi za wafu, amejifunza kule kusimama tuli kama sanamu. Basi. Katika utulivu huo msomaji anaiona nchi nzima bila kutembezwa. Wazazi wake nao si wakatili. Wanaondoa nguo nyeusi kwenye sanduku lake na kumpakilia za rangi za kuchangamka, kwa sababu wanamtaka binti yao wa zamani. Ukatili wa mapenzi namna hiyo unatisha kuliko damu, ingawa damu nayo imo kitabuni.

McGuire amezipangia nchi hizo dira pia: upuuzi upande huu na mantiki upande ule, wema huku na uovu kule. Si lazima kuiga dira yake, ila swali lake linafaa kuulizwa kabla ya sentensi ya kwanza: kule, sheria zilishika au hazikushika? Mtoto aliyetoka kwenye nchi ya sheria kali atahesabu hatua hadi chooni. Aliyetoka kwenye nchi ya upuuzi atashangaa kwa nini kijiko kilichoanguka jana kilishuka chini na leo tena kimeshuka chini.

Na kuhusu vitu vidogo, hakuna ninachokirudia kama habari ya kijiji cha Woolpit, Suffolk, iliyoandikwa na wanahistoria wawili wa Uingereza, Ralph wa Coggeshall na William wa Newburgh, kuhusu jambo linalosemekana kutokea karne ya 12. Walionekana watoto wawili, kaka na dada, wenye ngozi ya kijani na lugha isiyoeleweka. Walikataa kila chakula hadi walipoona maharagwe mabichi yaliyong'olewa na mashina yake. Wakapasua mashina, hawakugusa maganda. Walipokuta mashina ni matupu wakalia. Kaka akafa. Dada akazoea vyakula vingine, ukijani ukamtoka, akaishi. Hawa walikuwa wanakuja, si kurudi, lakini kilio kile juu ya mashina matupu kinatosha kumfunza mwandishi: mtoto anatafuta chakula mahali ambapo nchi yake ilikiweka.

Kipimo changu: katika hadithi ya maneno 5,000, nchi ya kule isizidi maneno 800, tena yakatwe vipande na kutawanywa. Ukiiandika sura nzima ya mito ya fedha, msomaji atahamia huko na hatajali chochote kinachotokea sebuleni. Na usimalizie kwamba ilikuwa ndoto au homa. Huo ni wizi. Msomaji amelipa nauli ya safari halisi.

Lakini ugumu mkubwa ni wetu sisi tunaoandika kwa Kiswahili. Hadithi za Kiingereza za aina hii husimama juu ya nguzo moja: wazazi hawaamini. Wanadhani mtoto alitekwa, wanampeleka kwa daktari wa akili. Hamishia kisa hicho kwenye mji wa pwani na nguzo inaanguka. Msichana akisema alikuwa ujinini, bibi yake hatabisha hata kidogo. Atauliza: wa baharini au wa nchi kavu? Hata maneno yenyewe yana wenyewe. Ukisema kuzimu, msomaji ameshawaona wafu. Ukisema peponi, umegusa dini.

Wengi wakifika hapo hulazimisha baba msomi asiyeamini, na hadithi inanuka tafsiri. Afadhali waache waamini wote. Wakiamini, watamtibu. Ubani unafukizwa. Aya zinaandikwa kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, zinaoshwa kwa maji, kombe hilo anapewa anywe. Kila mtu nyumbani anampenda, na kila mtu anataka kumtoa kitu ambacho yeye hataki kitoke. Anakunywa kwa adabu, anasema ahsante bibi, na usiku anajaribu kukumbuka rangi ya lango na kuikosa.

Kombe lisipofaa, wataita ngoma apungwe. Mganga ataketi mbele yake na kuuliza swali linaloulizwa siku zote: wewe ni nani, na unataka nini? Msichana amekaa miaka sita akiitwa jina jingine, jina alilolipata kwa jasho lake. Ngoma imenoga, jirani wamejaa hadi barazani, mama yake kamshika mabega.

Anajibu kweli. Anataja jina lake, anasema anataka kurudi nyumbani. Na watu wote mle ndani wanashusha pumzi kwa furaha, kwa kuwa pepo hatimaye amesema.