Mashua kuukuu, mfuko wa laki tatu
Wiki tatu nimezunguka Lamu na Matondoni nikitafuta mashua iliyotumika, ya kusafiria mpaka Kiwayu na familia. Mfukoni laki tatu za Kenya, basi.

Ya kwanza ilinipofusha: rangi mpya, macho ya kuchonga omoni (mbele ya mashua), tanga jeupe pe! Fundi mzee niliyekwenda naye wala hakutazama juu. Alingoja maji yatoke, akalala mchangani, akachoma kisu kwenye ubao ulio karibu na mkuku, ule uti wa chini wa mashua. Kikazama mpaka mpini. “Hii imepakwa poda, mwanangu.” Tukaondoka.

Ya pili sura mbaya kweli, tanga viraka vitupu. Lakini mataruma (mbavu zake) ya mkoko bado magumu, misumari haijalia kutu, na baada ya mashua kulala majini usiku mzima tulifua maji ndoo mbili tu. Nimeichukua kwa laki mbili na ishirini. Iliyobaki imeishia kwenye kalafati, yaani kuziba nyufa za mbao (pamba, mafuta, na ujira wa fundi), na kamba mpya. Tanga lisubiri mshahara.

Mke wangu alipoiona aliuliza kama nimelipwa kuiondoa ufukweni.