Ufa Karibu na Tundu la Maji

Jumamosi, usiku

Leo nimeoga kwangu, ndani ya trela tunamoishi, kwa mara ya kwanza baada ya siku kumi na tisa. Muda wote huo mimi na binti yangu tumekuwa tukibeba taulo hadi mabafu ya pamoja ya kambi ya matrela, tukikanyaga changarawe ambayo hapa Tucson, Marekani, mwezi wa Juni bado ni ya moto hata saa mbili usiku. Baba yake yuko barabarani na lori lake, kwa hiyo kazi hii ilikuwa yangu.

Sakafu ya bafu la trela si sakafu kama tuliyokulia nayo. Ni beseni la plastiki ya ABS, jembamba, limelazwa juu ya mbao. Kwa miezi kadhaa lilikuwa likilia "kwach" kila nikikanyaga karibu na tundu la maji. Nilisikia, nikahamisha mguu. Nikazoea kuoga nimejibana upande mmoja, na mtoto nikamkataza kurukaruka. Kisha siku moja ufa ukaonekana, mwembamba kama unywele, mrefu kama kalamu, umeshika uchafu wa sabuni.

Nilipaka silikoni. Siku ya nne ikabanduka yote kwa pamoja, kama utando wa maziwa.

Ndipo nikafungua ubao ulio kando ya kitanda na kumulika tochi chini ya beseni. Palikuwa patupu! Waliolitengeneza walilishika kingoni tu. Katikati linaning'inia, kidole changu kinapita. Kila tulipooga plastiki ilibonyea na kurudi, ikibonyea na kurudi, mpaka ikachoka. Mbao chini yake zilikuwa nyeusi, na bisibisi ilizama kama kwenye mkate uliolowa. Nililia. Hii ndiyo nyumba tuliyo nayo.

Nilimpigia mama alfajiri, Tanga ikiwa saa tisa alasiri. "Sakafu ya bafu inapasukaje, mwanangu? Si umwage saruji?" Nikamweleza hilo pengo. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi hilo halikuwekwa, limetundikwa." Sijasikia fundi yeyote akilieleza vizuri kuliko hivyo. Na hata saruji yake haikuwa mbali na ukweli, maana wapo mafundi wanaotandaza udongo wa saruji chini ya mabeseni haya ili yakae imara. Mimi niliogopa uzito.

Nilianza na mbao. Zilizooza nikazikata, nikaweka kipande kipya, na feni ikapuliza siku tatu mchana na usiku. Kisha nikajaza pengo kwa povu la kopo, lile la madirisha lisilofura sana, kwa sababu linalofura kwa nguvu huinua beseni lote. Juu ya beseni nikapanga ndoo nne za maji ziligandamize mpaka povu likauke.

Ufa wenyewe niliutoboa tundu dogo kila ncha, usije ukaendelea kutembea. Nikapiga msasa mpaka plastiki ikapoteza mng'ao. Nilikuwa nimeshashika asetoni ya kufutia rangi ya kucha niisafishie, nikajaribu kwanza kwenye ukingo usioonekana: plastiki ikaanza kuyeyuka na kunata kidoleni. Nikatumia spiriti. Halafu kitambaa cha faibaglasi na epoksi, ile gundi ya kuchanganya inayoganda ikawa ngumu, safu mbili. Kikombe cha kwanza cha epoksi nilikichanganya saa nne asubuhi, jua limeshakolea, kikapata moto mkononi mwangu na kuganda kabla sijamaliza. Cha pili nilikichanganya kabla ya mapambazuko, nikapaka bila haraka. Nikaacha siku tano nzima, ingawa baada ya saa ishirini na nne tu ilikuwa ngumu kwa kugusa.

Kiraka kinaonekana, rangi yake haifanani na beseni. Sijali.

Jioni hii nilimweka binti yangu kwenye ule ubao ulio wazi, tochi mkononi, nami nikaingia. Nikasimama katikati kabisa, miguu yote miwili, mahali nilipokuwa nikipakwepa. Nikahamisha uzito huku na huku. Kimya. Nikafungua maji.

"Vipi huko?"

"Pakavu, mama!"

Nikaongeza maji.