Mjomba na kalenda ya ukumbi

Kenya National Theatre ilipofunguliwa upya Septemba 2015 baada ya ukarabati, mtu wa kwanza niliyetaka kumwonyesha alikuwa mjomba wangu. Waigizaji wenzangu walikuwa wakipigana picha kila pembe, na haki yao, maana tulikuwa tumehamahama vya kutosha. Lakini mjomba aliujua ukumbi huo kabla sijazaliwa.

Alikuja na koti lake la arusini. Kuhusu rangi mpya na taa za kisasa hakutamka neno. Alibonyeza kiti kimoja kwa kiganja, kisha akaenda kuketi safu ya nyuma kabisa.

"Panda jukwaani, mama. Maikrofoni iache."

Nikaanza maneno ya mhusika wangu. Akainua mkono, kumaanisha anasikia. Nikapunguza sauti, mkono ukabaki juu. Nikapunguza tena, nikawa kama ninayemsengenya mtu, ndipo mkono ukashuka. Nilifurahi mno. Taa nzuri nazipenda, spika pia, ila wanafunzi wanaojaa humo kutazama tamthilia za vitabu teule wasiposikia neno kule nyuma, ukarabati utakuwa umewafaidi nini?

Nikadhani amemaliza. "Sasa nionyeshe kalenda," akasema.

Hapo ndipo aliponisimulia Oktoba 1976. Alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu, jirani tu na ukumbi, alipokwenda kutazama The Trial of Dedan Kimathi, tamthilia ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Gĩthae Mũgo. Ukumbi wenyewe ulifunguliwa na wakoloni mwaka 1952, mwaka ule ule walipotangaza hali ya hatari dhidi ya Mau Mau. Na sasa Kimathi, kiongozi wa wapiganaji hao wa uhuru, alikuwa anasimama humo jukwaani. Tamthilia hiyo na Betrayal in the City ya Francis Imbuga zilikuwa zikiandaliwa kwenda FESTAC, tamasha kubwa la sanaa za Waafrika huko Lagos. Hata hivyo zilipewa siku chache tu, kwa kuwa kalenda ilikuwa imeshikwa na maonyesho ya kigeni. Wakenya waliomba nafasi katika ukumbi wa taifa lao! Mjomba alilisema hilo huku ametoa macho, kana kwamba ni jana. Onyesho lilipokwisha, watazamaji walijiunga na waigizaji, wakatoka nje wakiimba na kucheza, naye akiwa katikati yao.

Nikampeleka kwenye ubao wa matangazo. Alipitisha kidole polepole juu ya kila bango, akisoma majina ya vikundi kwa sauti.

"Hili la Jumamosi ni lenu?"

"Letu, mjomba. Nitakuachia tiketi ya bure mlangoni."

Alikataa katakata. Akaenda dirishani, akanunua nne, yake na za wajukuu, akauliza kama safu ya mbele bado ina nafasi.